Mzigo Tunaowabebesha Wanafunzi Wetu
(Mawaidha yaliyotolewa baada ya Swala ya Ijumaa, Gerezani, Dar es Salaam)



Baada ya kumshukuru Allah (s.w.) na kumswalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), napenda tuuzungumzie mzigo wanaobebeshwa watoto wetu kwa jina la elimu.

Kutafuta elimu ni faradhi. Wazazi wa Gerezani na Kariakoo wanajinyima ili watoto wao wasome Kibaha, Ilboru, Mzumbe au Kilakala, au shule binafsi zinazochuja wanafunzi kwa mitihani. Hilo ni jema. Lakini tujiulize: tunatafuta elimu, au sifa ya kushika nafasi ya kwanza?

Kwa miaka mingi shule na wanafunzi kumi bora walitangazwa nchi nzima. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliuacha utaratibu huo, likasema hauna tija. Orodha imeondoka, mashindano yamebaki vifuani mwetu.

Hesabuni wenyewe. Mtoto anayeamka saa 10 alfajiri kuwahi gari la shule, akatoka darasani kwenda tuisheni, akamaliza kazi za nyumbani saa 5 usiku, amelala saa 5 tu. Wataalamu wanashauri saa 8 hadi 10 kwa kijana wa miaka 13 hadi 18. Akili iliyochoka hukariri leo, ikasahau baada ya mtihani. Na ratiba inapobana, cha kwanza kukatwa ni madrasa; cha pili ni swala.

Imepokewa katika Sahihi Bukhari habari ya Salman na Abu Dardaa (r.a.). Abu Dardaa alikuwa akifunga mchana na kuswali usiku, hata mkewe akasahauliwa. Salman alimzuia, akamkumbusha kuwa nafsi na familia nazo zina haki. Mtume (s.a.w.) akamsadikisha Salman. Ikiwa ibada yenyewe imewekewa kiasi, sembuse tuisheni?

Basi wazazi, tukae na walimu tukubaliane kiasi cha kazi za nyumbani. Tuiache walau siku moja ya wiki bila tuisheni. Na mtoto akileta alama 60 alizozitolea jasho, tumpokee kwa furaha. Tukimdharau, tunamfundisha kuwa alama za wizi ni bora kuliko za haki.

Allah awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, na afya ya kuitumia.

Wabillahi tawfiiq.