Ahadi Haiezeki Paa: Mwaka Wangu wa Kwanza wa Kushona Mikoba ya Ukindu

(Maneno ya mwanachama wetu katika mkutano mkuu wa mwaka 2025, Dar es Salaam)



Mwenyekiti ameniomba nieleze mwaka wangu wa kwanza wa biashara, ili vijana wanaotaka kujiajiri wapate la kujifunza. Nimekubali, ila nilimwambia mapema kwamba habari yenyewe si ya kujisifu.

Nilifungua Januari 2024, chumba kimoja cha kupanga Mbagala, cherehani moja na mtaji wa shilingi 1,200,000. Nusu ilikuwa akiba yangu, nusu mkopo wa vicoba. Kazi yangu ni kushona mikoba kwa ukili wa ukindu. Kwa watoto wetu waliozaliwa mjini niseme kidogo: ukindu ni majani machanga ya mkindu. Hukatwa, huchanwa, huanikwa juani, mengine huchemshwa na rangi, kisha husukwa kuwa ukili mrefu. Nyumbani ukili hushonwa ukawa mkeka, na mikeka ya Rufiji inajulikana. Mimi naukata, natia bitana, zipu na mikanda ya ngozi. Wasukaji ni kina mama tisa wa kijijini kwetu, akiwamo shangazi yangu aliyenifundisha kusuka. Ukili unakuja kwa basi, naupokea Rangi Tatu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa bei. Mkoba niliuuza shilingi 25,000. Ukili 6,000, bitana na zipu za Kariakoo 4,500, fundi 5,000. Nikaona zimebaki 9,500, nikafurahi. Hadi mwisho wa Machi nilikuwa nimeuza mikoba 41, na bado nikakopa kulipa pango. Nilipokaa na daftari usiku ndipo nikaona: pango 100,000 kila mwezi, umeme, mzigo wa basi, mikoba iliyoharibika, na siku zangu mwenyewe, vyote sikuvihesabu. Nikapandisha bei hadi 38,000. Wateja wengine waliondoka. Waliobaki ndio wanaoniweka mjini.

Kosa la pili lilikuwa bei ya kindugu. Ndugu zangu, mniwie radhi, mmo humu. Mtu anakuja, "Sisi si wa nyumbani, nipunguzie, nitakuletea mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi unafika, mkoba unautazama harusini, hela huioni. Siku hizi nasema hivi: undugu ni chai, karibu unywe. Mkoba una bei yake, kwa sababu ndani yake mna mkono wa mama aliye kijijini.

Kosa la tatu ndilo lililonifunza zaidi. Mwezi Machi mteja mmoja mkubwa aliagiza mikoba 60 kwa mdomo tu. Nilifurahi hata nikaona haya kudai malipo ya awali. Kina mama walisuka usiku na mchana kabla ukindu haujashikwa na mvua, kwa kuwa usipokauka huota ukungu. Nikashona, nikapeleka. Jibu likawa, "Wiki ijayo." Wiki ikazaa mwezi.

Mwezi Aprili mnakumbuka yaliyotukuta. Mafuriko yaliingia mashambani na majumbani, mpunga na mahindi vikaenda na maji. Shangazi akanipigia simu. Nikamwambia, "Shangazi, nivumilie, wamesema kesho." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, ukili tumeshausuka. Hiyo kesho yako tutaipika kwa moto gani?"

Sikulala. Asubuhi nilikwenda kuuza cherehani, nikatuma fedha za kina mama wote tisa. Miezi miwili nilishona kwa cherehani ya kuazima. Yule mteja alilipa Julai. Tangu siku hiyo sikati ukili kabla sijapokea nusu ya malipo, awe mgeni awe ndugu.

Sasa, Mheshimiwa Mwenyekiti, nitubu mbele ya mkutano. Mwaka jana, duka langu likiwa na mwezi mmoja, nilisimama katika harambee ya bweni la wasichana nikaahidi shilingi 200,000. Mlinipigia makofi. Nililipa Novemba. Wakati nakasirikia yule mteja, kamati yenu ilikuwa inanidai mimi, na fundi alikuwa anaidai kamati. Kuta zilisimama, bati hakuna, na mabinti wetu waliendelea kutembea asubuhi na jioni. Neno la shangazi lilinihusu mara mbili.

Kwa hiyo ombi langu kwenu leo ni dogo. Usiahidi kwa ajili ya makofi. Mwenye 10,000 mfukoni aitoe hapa hapa, iandikwe, apewe stakabadhi. Hiyo ni ya maana kuliko laki tano za mdomoni, maana kamati ikisikia laki tano inaagiza bati, na bati halipandi juu kwa ahadi.

Mimi mwaka huu siahidi. Mweka hazina, nina 150,000 taslimu katika mkoba huu. Ni pungufu ya nilichotamka mwaka jana, lakini ipo. Pokea, uhesabu mbele ya watu. Mkoba wenyewe nirudishie, bado sijauuza.

Vijana watakaotaka kuliona daftari langu, waje Mbagala. Nitawaonyesha kurasa zote, hata zile za hasara.