Namna ya Kuleta Shauri Jipya Mbele ya Wenzetu



Chama Kikuu chetu kinapotimiza miaka 10, tumeombwa tuseme machache juu ya jambo lisiloonekana katika daftari la mahesabu, nalo ni namna ya kuwaeleza wenzetu fikra mpya hata wakaielewa. Katika ushirika kila mwanachama ana kura moja, awe na mikorosho 10 au 1,000. Kwa hiyo shauri lisiloeleweka lina hatari mbili: likiwa jema laweza kukataliwa, na likiwa baya laweza kupitishwa kwa makofi.

Tutwae mfano mmoja. Sheria ya Stakabadhi za Maghala ilitungwa nchini Tanzania mwaka 2005, na mwaka 2007 utaratibu huo ukaanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara. Mtu angeweza kuueleza hivi: mazao yatakuwa dhamana ya mkopo hadi yatakaponadiwa. Maneno hayo ni ya kweli, lakini mkulima aliyeketi nyuma hakuambulia kitu. Yeye ana maswali matatu: gunia langu litakuwa wapi, nani atanitunzia, na fedha yangu nitaipata lini?

Yafaa basi tuanze na gunia lenyewe. Korosho hupimwa katika chama cha msingi, hupelekwa ghalani, na mtunza ghala hutoa stakabadhi yenye kuonyesha uzito na daraja. Hapo mwanzo, kwa stakabadhi hiyo benki iliweza kutoa mkopo, ndipo mkulima akapata malipo ya kwanza kabla ya mnada.

Kisha tutoe hesabu. Tuseme mkulima ameleta kilo 100, akapewa malipo ya kwanza ya shilingi 1,200 kwa kilo. Mnadani bei imefika shilingi 2,000, na makato yote ni shilingi 150 kwa kilo. Haki yake ni shilingi 185,000, amekwisha pokea 120,000, zimebaki 65,000. Hesabu hii huandikwa ubaoni kwa chaki, na kila mtu aweza kuirudia kwa kilo zake mwenyewe.

Lakini hesabu ya upande mmoja ni ushawishi tu. Je, mnadani bei ikiwa shilingi 1,300? Baada ya makato ni shilingi 115,000, na mkulima amekwisha chukua 120,000. Pengo la shilingi 5,000 atalibeba nani: mkulima, chama, au benki? Mleta shauri akilinyamazia swali hili, atalikuta likimngojea msimu ujao, tena likiulizwa kwa hasira. Afadhali alitaje yeye kwanza, na jibu lake liandikwe kabla kura haijapigwa.

Tena, shauri lisiruke moja kwa moja hadi Mkutano Mkuu. Lipitie kwanza kwa mweka hazina, mtunza ghala, na karani wa mizani, kwa maana kila mmoja huona shimo ambalo mwenzake halioni. Na mkutano ukiisha, mkulima hamfuati Mwenyekiti. Humwuliza karani wa mizani. Karani asiyejua atajibu, "Ndivyo walivyoamua wakubwa," na hapo imani huanza kupungua.

Mwisho, msemaji asiulize, "Mmeelewa?" Wengi wataitikia kwa adabu tu. Amwombe mwanachama mmoja alieleze shauri hilo kwa maneno yake mwenyewe, kama atakavyolieleza nyumbani jioni. Akishindwa, asilaumiwe, msemaji ndiye arudie kwa maneno mepesi zaidi, wala kura isipigwe kwa haraka.

Ndugu zetu, wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi, tukiingia mwaka wa 11, twaongeza: shauri bila maelezo hupita bila ridhaa, na lililopita bila ridhaa halidumu.