Kuchagua Kishikwambi chenye Kibodi kwa Ofisi ya Chama



Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tangu KNCU ilipoandikishwa mwaka 1933, ushirika wa Kilimanjaro umesimama juu ya mizani na daftari. Mkulima wa Kibosho, Marangu au Mwika anaposhusha kahawa yake mbele ya karani, haki yake yote ya siku ile ni tarakimu chache zinazoandikwa mbele ya jina lake. Kilo 37.5 zikiandikwa 3.75, jasho la nyumba nzima limepotea kwa nukta moja.

Siku hizi daftari hilo limeanza kuhamia kwenye kishikwambi. Wananchi wengi walikiona kifaa hicho mikononi mwa makarani wa Sensa ya mwaka 2022, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika nayo hupokea taarifa za vyama kwa mfumo wa MUVU. Kwa hiyo kununua kifaa hiki ni kununua daftari la chama, tena kwa fedha za wanachama. Yapo mambo sita yapasayo kuangaliwa kabla ya fedha hizo kutoka.

Kwanza, kazi itangulie kifaa. Kishikwambi chenye kibodi ya kuchomoka humfaa katibu mwenye kazi za mahali pawili. Siku ya kupokea kahawa huchomoa kibodi, akabeba kioo peke yake hadi penye mizani. Akirudi ofisini huichomeka tena, akaandika barua na mihtasari ya mikutano kwa vidole kumi. Chama ambacho katibu wake haondoki mezani kingefaidika zaidi kwa kununua kompyuta mpakato.

Pili, bei ihesabiwe kwa jumla. Tuseme duka moja linauza kishikwambi kwa shilingi 450,000, na kibodi yake inauzwa mbali kwa shilingi 250,000. Duka la pili linauza kifaa pamoja na kibodi kwa shilingi 600,000. Mwenye haraka atakimbilia duka la kwanza, naye atakuwa amepoteza shilingi 100,000. Gharama ya kava na ya vifurushi vya intaneti kwa mwaka mzima nayo iwekwe katika makisio.

Tatu, kibodi ijaribiwe. Zipo zinazoshikwa kwa sumaku na kupata umeme kutoka kwenye kishikwambi chenyewe. Zipo nyingine zinazowasiliana kwa bluetooth, nazo zina betri yao ambayo sharti ichajiwe. Za aina ya kwanza zina udhia mdogo. Katibu aandike ukurasa mzima pale pale dukani, kisha achomoe na kuchomeka mara kadhaa. Aangalie pia herufi, hasa kwa vifaa vilivyokwisha kutumika ng'ambo. Katika kibodi ya Kijerumani Y na Z zimebadilishana mahali, na katika ya Kifaransa A imekaa mahali pa Q. Mpangilio waweza kubadilishwa ndani ya kifaa, lakini maandishi yaliyo juu ya vitufe hayabadiliki.

Nne, uwezo wa ndani utazamwe. Kwa kazi za ofisi ya chama, kumbukumbu isipungue gigabaiti 4 na hifadhi isipungue gigabaiti 64, tena pawe na nafasi ya kadi ya kuongezea. Kifaa kipokee laini ya simu, kwa kuwa huko mteremkoni mtandao wa simu ndio utegemewao. Muuzaji aulizwe masahihisho ya usalama yataendelea hadi mwaka gani. Kwa mfano, huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kifaa kisichoweza kupokea toleo linalofuata huenda kikauzwa kwa bei ya kuvutia kwa sababu hiyo. Kabla ya kulipa, ukurasa wa MUVU ufunguliwe na kuonekana.

Tano, umeme ukumbukwe. Kifaa kinachochajiwa kwa waya wa USB-C chaweza kusaidiwa na betri ya akiba au na sola ndogo, na umeme ukikatika siku ya kupokea kahawa kazi haisimami.

Sita, uhalali uthibitishwe. Simu bandia zilizimwa nchini mwezi Juni 2016, na kishikwambi cha laini nacho hutambuliwa kwa namba yake ya tarakimu 15. Namba hiyo itafutwe katika mipangilio au kwa kubonyeza *#06#, kisha itumwe kwa ujumbe kwenda 15090. Bodi ya chama ilinganishe bei za maduka yasiyopungua matatu ya Moshi mjini, na risiti ya EFD iandikwe jina la chama, si la katibu wala la mwenyekiti. Waranti iwe ya maandishi.

Kifaa kikishanunuliwa, kiingizwe siku hiyo hiyo katika daftari la mali. Kila jioni nakala ya kumbukumbu iwekwe mahali pengine, maana kifaa huibwa, huanguka na hulowa mvua. Majina, namba za simu na za benki za wanachama zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kishikwambi cha chama kisipelekwe nyumbani kuwa mchezo wa watoto.

Stakabadhi ya karatasi isiondolewe mkononi mwa mkulima. Mwanachama aliyeleta kilo 37.5 ana haki ya kusimama mbele ya kioo, kuliona jina lake, na kulinganisha tarakimu hizo na zile za stakabadhi yake. Katibu amfungulie bila kunung'unika.