NJAA YA MWENYE KUFANYA MAZOEZI

(Haya ni maneno yaliyosemwa na mwanachama mwenzetu katika mkutano wa jioni hapa Kisiwani Mombasa. Wanachama waliokuwa zamuni waliomba wayasome, kwa hivyo tumeyachapa kama yalivyosemwa.)



Najua wako wanaojiuliza, njaa ya mtu anayetaka kupungua uzito ina uhusiano gani na chama cha wafanyi kazi? Chama kimezoea kusema juu ya njaa ya namna nyingine. Mgomo wa Januari 1947, uliosimamisha bandari na mji wetu, ulikuwa ni mgomo wa watu ambao mshahara wao haukutosha chakula wala kodi ya nyumba. Leo nasimama mbele ya wajukuu wa watu wale kusema juu ya vitambi. Msicheke, ndugu zangu. Mfanyi kazi hana mtaji ila mwili wake, na mwili huo ukiharibika, hata nyongeza ya mshahara haitamfaa.

Tutazame kwanza mambo yalivyogeuka. Makuli wa Kilindini wa zamani walibeba magunia mgongoni toka asubuhi hadi jioni. Mahamali wa Bandari ya Kale walipandisha mizigo ya majahazi katika vichochoro, na mikokoteni wakaivuta kwa mikono. Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyefanya kazi hiyo huniambia, "Mwanangu, sisi tulikula sima kama mlima, na mbavu zikahesabika." Baadaye yakaja makontena, yakaja mashine za kunyanyulia, na yaliyokuwa yakifanywa na migongo yetu sasa yanafanywa na chuma. Hilo ni jambo jema, na vyama vilidai kazi iwe nyepesi. Lakini wengi wetu leo tumekaa kitini saa nane au zaidi: dereva, karani, askari wa langoni, mwendesha mashine. Kazi imepungua, sahani imebaki ile ile ya kuli.

Matokeo yake yameandikwa. Uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya nzima mwaka 2015 ulionyesha kwamba watu wazima kama 27 katika kila 100 wana uzito uliozidi, na wanawake wameelemewa zaidi kuliko wanaume. Uchunguzi huo huo ulikuta karibu mtu mmoja katika kila wanne ana shinikizo la damu lililopanda. Basi tazama kulia kwako na kushoto kwako katika ukumbi huu, ufanye hesabu mwenyewe.

Sasa nitasema khabari zangu. Nilipopimwa presha nikaambiwa nipunguze uzito, nilifanya kama wengi wafanyavyo. Nilinunua viatu vya raba. Kila jioni nikitoka kazini nilishika njia kutoka Kibokoni, nikapita Ngome, nikafuata pwani mpaka Lighthouse kwenye mibuyu. Nilikwenda kwa mwendo wa haraka, jasho likinitoka. Nikifika pale, mwajua wenyewe kuna nini: muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, kachri za moto, na soda baridi kwa sababu ya kiu. Nilijiambia, "Nimetembea, nimestahili." Nikirudi nyumbani nakuta wali wa nazi, nakula kwa njaa ambayo sijapata kuijua tangu ujana. Baada ya wiki sita nikapanda mizani. Nilikuwa nimeongezeka kilo mbili.

Nilikasirika. Nilisema mazoezi ni uwongo. Na najua katika ukumbi huu wamo watu waliosema vivyo hivyo wakaviweka viatu chini ya kitanda. Ni kwa ajili yao nimeomba nafasi hii.

Ndugu zangu, njaa ile si ulafi, wala si udhaifu wa moyo. Mwili ni kama mtunza ghala mwaminifu. Akiona mali inatoka zaidi ya inavyoingia, hupeleka taarifa kwa mkubwa wake kwamba ghala linapungua, ziletwe bidhaa. Taarifa hiyo ndiyo njaa. Mtu anapoanza kupungua, tumbo na mafuta ya mwilini hupeleka ishara kwenye ubongo, na hamu ya kula hupanda. Tena mara nyingi haiji pale pale. Aliyekimbia sana huenda asitake chakula kwa muda, kisha njaa ikamjia baada ya saa kadhaa, akiwa amekwisha kusahau mazoezi na amekaa karibu na sufuria.

Ubaya ni kwamba hesabu zetu ni mbovu. Mtu wa kilo 80 akitembea haraka kwa nusu saa hutumia kiasi cha kalori 150. Mahamri mawili, yaliyokandwa kwa tui na sukari kisha yakakaangwa, hupita hesabu hiyo. Soda moja ya mililita 300 ina sukari ya vijiko vya chai kama saba, nayo hurudisha sehemu kubwa ya yale uliyotoa, na tumbo halisemi kwamba limekula. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kalori 120, na ni nani kati yetu anayehesabu vijiko vya mafuta? Karani wa bandarini akiandika hesabu namna hiyo angefukuzwa kazi. Jasho la nusu saa hulipwa lote kwa dakika tano za kutafuna.

Je, tufanyeje? Tukubali kushinda na njaa? Hapana. Mtu hawezi kupigana na njaa kila siku akashinda, hata akiwa na moyo wa chuma. Dawa ni kuitangulia. Nitataja yaliyonifaa mimi, na ambayo waganga nao wanayasema.

Kwanza, usifanye mazoezi ukiwa umeshinda njaa mchana kutwa. Anayekosa chakula cha mchana ili apungue haraka, jioni hula cha mchana na cha usiku pamoja. Kula kwa wakati wake. Ikiwa utatembea jioni, kula ndizi moja au chungwa kabla ya kutoka kazini, ili usifike Lighthouse ukiwa kama simba.

Pili, badili kinachojaza sahani kabla hujapunguza sahani yenyewe. Vyakula vya kujenga mwili na vyenye nyuzinyuzi hukaa tumboni muda mrefu: mbaazi, kunde, pojo, maharagwe, mayai, dagaa, samaki wa kuchoma. Mchicha, kisamvu na matembele hujaza tumbo kwa kalori chache, mradi usivizamishe katika tui zito. Na vitu hivi havihitaji mshahara wa bosi, Marikiti vimejaa. Mahamri kwa mbaazi ni chakula chetu na siwaambii mkiache, ila hamri liwe moja na mbaazi ziwe bakuli. Wali uwe robo ya sahani, si mlima wenye mboga kileleni.

Tatu, kiu yako ikate kwa maji. Joto la Mombasa hutoa jasho jingi, na anayekunywa soda na chai ya sukari kwa kiu hula bila kujua. Chukua chupa yako ya maji. Kahawa tungu haina neno, ila tahadhari na kipande cha halwa kinachofuatana nayo, kwani hakiji kimoja.

Nne, kula polepole. Ishara ya kushiba huchukua kama dakika ishirini kutoka tumboni kufika kichwani. Wazee wetu walikuwa na mpango mzuri wa jambo hili katika mwezi wa Ramadhani: tende na maji kwanza, kisha sala ya magharibi, ndipo watu wakae kwenye sinia. Kile kituo cha katikati huituliza njaa. Anayeanza moja kwa moja na kaimati, viazi vya karai na sambusa hamalizi mfungo ila amenenepa. Basi nawe ukirudi kutoka matembezini, kunywa maji, koga, pumzika kidogo, ndipo uombe chakula.

Tano, usijilipe kwa chakula. Neno lile "nimestahili" ndilo lililonipandisha kilo mbili. Siku hizi nafika kwenye mibuyu, natazama meli zikiingia mlango wa bahari, nageuka. Na nikitamani muhogo nanunua Jumamosi, nakula na watoto, basi.

Ndugu zangu, sasa nasema juu ya njaa nyingine ambayo si ya kutanguliwa wala kuvumiliwa. Mwenzetu mmoja anayetumia dawa za sukari alitoka zamu ya usiku bila kula, akaenda kutembea. Karibu na Ngome alianza kutetemeka, jasho baridi likamtoka, akashikwa na njaa ya ghafla, maneno yakamvurugika. Waliokuwa karibu walidhani amelewa. Mtu mmoja mwenye akili alimnywesha soda, ile ile soda niliyoilaumu hivi punde, na baada ya dakika chache akarejea. Hiyo ni sukari iliyoshuka kupita kiasi. Mwenye kutumia sindano ya insulini, au baadhi ya vidonge vya sukari, lazima aongee na daktari wake kabla ya kuanza mazoezi, awe na kitu kitamu mfukoni, na asitembee peke yake. Na sisi wengine tuzijue dalili hizi. Mtu akizimia msimtie kitu mdomoni, bali mkimbizeni hospitali.

Jambo lingine ni usingizi. Imethibitishwa kwamba mtu asiyelala vya kutosha huona njaa zaidi, na hamu yake huelekea kwenye vitu vitamu na vya mafuta. Wa zamu ya usiku wanajua saa kumi za alfajiri tumbo linavyodai. Msijilaumu kwa hilo, lakini leteni chakula chenu kutoka nyumbani, hata yai na tunda, kwa sababu saa hiyo huwa kilichobaki ni vya kukaanga tu.

Na hapa ndipo chama kinapoingia, Bwana Mwenyekiti. Mtu mmoja mmoja atafanya yake, lakini atafanyaje ikiwa nafasi ya kula ni dakika kumi, au ikiwa mahali pa kazi hapana maji? Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kutoa maji safi ya kutosha mahali pa kazi, na inampa mfanyi kazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Hizi si fadhila. Napendekeza wajumbe wetu wa kila idara watazame mambo matatu: maji, nafasi ya kutosha ya kula na kupumzika, na kwenye mikahawa ya kazini ipatikane sahani ya kunde na mboga kwa bei nafuu, si chapati na vya kukaanga peke yake. Mambo haya yaandikwe katika madai yetu yajayo.

Mwisho, nawasihi walioviweka viatu chini ya kitanda wavitoe. Mazoezi hayapunguzi uzito kwa haraka kama watu wanavyodhani, kwani katika kupungua chakula kina nguvu zaidi. Lakini mazoezi husaidia kuteremsha presha na sukari na kuimarisha moyo hata kama mizani haijasogea, na aliyepungua humsaidia asirudi alikotoka. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Nusu saa kwa siku tano inatosha kuanzia.

Mimi sijawa mwembamba. Katika mwaka mmoja nimepungua kilo sita tu, lakini presha yangu imeshuka, na ngazi za nyumba yetu ya Kibokoni nazipanda bila kusimama katikati. Kuanzia Jumatatu ijayo nitakuwa mbele ya Ngome saa kumi na moja na nusu jioni. Anayetaka tutembee pamoja na aje, mwenye dawa na asiye na dawa. Aje amekula ndizi yake, na chupa ya maji mkononi.