Mgeni Mwenye Mistari Mkiani: Kuwatambua Perege Wasio Wenyeji wa Mito Yetu



Wengi wenu mmewahi kununua fungu la perege waliovuliwa Bwawa la Mindu, hapa hapa Morogoro. Jioni hii nataka tulichambue fungu hilo samaki mmoja mmoja. Ndani yake anaweza kuwamo mwenyeji wa mto Ngerengere, mgeni aliyeletwa kwa ndoo, na chotara wa hao wawili. Kwenye sufuria hawana tofauti ya maana. Mtoni wanayo, na kubwa.

Mwenyeji ni Oreochromis urolepis, perege wa mito ya Rufiji, Ruvu na Wami. Mgeni mkuu ni Oreochromis niloticus, ambaye watu wa Mwanza humwita sato. Simwiti mgeni wa Tanzania nzima, maana ndani ya Ziwa Tanganyika yuko kwao. Samaki hajui mipaka ya mikoa. Anachokijua ni bonde la mto wake, na kwenye bonde hili la Ruvu sato hakufika kwa kuogelea.

Anzeni na mkia. Mshike samaki, umtandaze mkia kwa kidole gumba, uutazame kwenye mwanga. Sato aliyekomaa ana mistari myembamba ya wima, imepangana vizuri kuanzia kwenye shina la mkia mpaka ukingoni. Urolepis hana mpangilio huo. Yeye, akishakua, mkia wake umejaa magamba madogo ambayo utayahisi ukipitisha ukucha. Kisha tazama dume la msimu wa kuzaliana, maana hapo ndipo rangi husema. Dume la urolepis hugeuka jeusi, na kingo za pezi la mgongo na la mkia zikawaka wekundu. Dume la sato huiva wekundu kichwani na tumboni, lakini ukingo wa pezi lake la mgongo kwa kawaida ni wa kijivu au mweusi. Kwa maneno mengine, wekundu upo kwa wote wawili. Swali ni umekaa wapi.

Yupo mgeni wa pili, Oreochromis leucostictus, asili yake maziwa ya Edward, George na Albert. Dume lake ni la giza, limenyunyiziwa madoa meupe mwilini na mapezini. Kwa macho yangu ndiye mzuri kuliko wote, na uzuri huo haumpunguzii madhara.

Rangi zina hila zake. Samaki akitishwa, wekundu hupotea na pau za giza hujitokeza ubavuni. Akilala kwenye barafu, anapauka kabisa. Majike na wadogo hawana rangi za kutegemea. Watoto wa perege hubeba doa jeusi kwenye pezi la mgongo, na wanafunzi wangu hulishangilia kana kwamba wamepata spishi mpya. Doa hilo halitofautishi wenyeji na wageni.

Wageni hawa hawakujipenyeza, tuliwaweka. Miaka ya 1950 sato, leucostictus na perege mla majani Coptodon zillii waliingizwa Ziwa Victoria ili kufidia uvuvi uliokuwa ukidorora. Wenyeji wa ziwa hilo, ngege na mbiru, leo ni adimu mno mle ndani. Sangara, uvuvi na kuchafuka kwa maji navyo vilichangia. Ngege mwenyewe alihamishwa, akawekwa bonde la Pangani, na amevuliwa Nyumba ya Mungu. Huko ni mgeni kwa mwenyeji Oreochromis jipe, samaki ambaye Rosemary Lowe alimwelezea kitaalamu mwaka 1955. Nikiulizwa kama ngege wa Pangani aondolewe, nasita, maana kwao amekuwa adimu, na sioni aibu kusita.

Chotara ndiye anayetushinda sote. Perege hawa huzaana, na watoto wao nao huzaa. Ziwa Rutamba, mkoani Lindi, leucostictus amechanganyika na Oreochromis korogwe wa pale. Chotara anaweza kuwa na mistari iliyokatika katikati ya mkia, au mkia wa sato na pezi lenye ukingo mwekundu. Mwingine anafanana kabisa na mzazi mmoja. Hapo jicho limefika mwisho, tunahitaji vinasaba. Na uchanganyikaji ukishaenea hakuna wavu wa kuutenganisha.

Simlaumu mfugaji. Sato hukua haraka, na vifaranga vyake vinapatikana. Lakini bwawa la kuchimba kando ya mto hufurika masika, na kumpa mfugaji wa Kilombero vifaranga vya sato bila kuangalia kilichomo mtoni ni uzembe wa kitaalamu, wetu sisi tunaoshauri. Samaki wa kwetu hakukosa sifa: perege wa Wami alipitia Zanzibar akafika Malaya, na mwaka 1960 C. F. Hickling alichapisha kwamba dume lake likipandishwa kwa jike la perege wa Msumbiji, karibu watoto wote huwa madume. Leo kupata madume matupu ya sato tunawalisha vifaranga homoni. Ningependa kuona fedha za utafiti zikimfuata urolepis kwenye mabwawa ya mabonde yake mwenyewe.

Kwa watakaotusaidia kukusanya sampuli za vinasaba: piga picha samaki akiwa hai, ubavu wa kushoto, mapezi yametandazwa, na andika jina la mto na kijiji. Kata kipande cha pezi kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho, kitumbukize kwenye kichupa cha ethanoli, weka na karatasi ya maelezo humo humo. Andika kwa penseli, kwa sababu ethanoli huyeyusha wino wa kalamu.