Rejeta ya Alumini Kabla ya Kupanda Kitonga

Dereva mwenzangu, Mlima Kitonga, kule Iringa, hauna huruma na gari linalochemsha. Rejeta nyingi za siku hizi zina matangi ya plastiki yaliyobanwa kwenye alumini. Plastiki ikichoshwa na joto hupata ufa mwembamba kama unywele. Utauona kwa doa la kulanti lililokauka pembeni.

Rejeta ya alumini tupu imechomelewa kotekote, haina plastiki ya kupasuka. Ni nzuri, lakini usikimbilie kuinunua. Mwambie fundi apime kwanza themostati, feni na mfuniko wa rejeta. Themostati ikiganda ikiwa imefungwa, hakuna rejeta itakayokuokoa. Pima pia unene wa rejeta mpya: ikiwa nene mno, itagusa feni. Magari mengi ya otomatiki yanahitaji rejeta yenye njia za kupoozea mafuta ya gia.

Ukishafunga rejeta, achana na maji ya kisima, tafadhali! Chumvi yake huila alumini. Changanya kulanti na maji yasiyo na chumvi, nusu kwa nusu, kisha utoe hewa yote. Na mfuniko usiuguse injini ikiwa ya moto. Mvuke ule unababua uso.