Tumtambue Mdudu Kabla ya Kununua Dawa
(Hotuba ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika)



Nimeombwa niseme machache juu ya picha za wadudu zinazoambatanishwa na maombi ya fedha. Nianze na kosa langu. Usharika mmoja ulileta picha ya simu ya nzi aliyepondwa kiganjani, wakaandika "mbung'o". Nikatia sahihi. Tukanunua vitambaa vya buluu na vyeusi vyenye dawa, vikatundikwa porini. Ng'ombe wakaendelea kuumwa kule bondeni penye matope. Baadaye tukaletewa nzi mzima: alikuwa pange. Fedha za wafadhili zilikuwa zimekwisha.

Anayetuchanganya zaidi ni pange mdogo wa kijivu, ambaye wataalamu humwita Haematopota. Ukubwa wake unakaribiana na wa mbung'o, na huja kimya kimya. Tazameni mabawa akiwa ametua. Mbung'o hulaza bawa moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa, na katikati ya bawa mishipa huchora umbo la shoka. Haematopota huinamisha mabawa kama paa la nyumba, nayo yana madoadoa. Kisha tazameni mdomo kutoka ubavuni. Wa mbung'o hutokeza mbele kama sindano. Wa pange huelekea chini, nao hukata ngozi kama wembe. Ndiyo maana damu hutiririka.

Tofauti hii inagusa mfuko. Mbung'o hatagi mayai. Huzaa buu mmoja mmoja, ambaye hujifukia kwenye udongo wa kivulini. Mapange wengi hutaga kwenye majani karibu na maji, na mabuu hukulia matopeni.

Basi mkamateni mdudu akiwa mzima, mwekeni kwenye chupa, chupa ikae penye baridi mpaka atulie. Mpigeni picha juu ya karatasi nyeupe, moja kutoka juu na moja kutoka ubavuni, pamoja na sarafu ya kulinganishia. Msichelewe, maana rangi za macho ya pange (na ni nzuri ajabu!) hufifia akishakufa.

Hata picha nzuri mara nyingi itatupa jamii tu. Aina za mapange zinazojulikana duniani zinapita 4,000. Kwa hiyo mkausheni, mtunzeni kwenye kiberiti chenye pamba, mkiandika mahali, tarehe na mnyama aliyeumwa.

Wala mtu asiseme, "Ni pange, basi hakuna nagana." Pange akifukuzwa kabla hajashiba huhamia ng'ombe mwingine na damu mbichi mdomoni, na aweza kuhamisha vimelea. Ng'ombe aliyekonda apimwe damu. Picha haiwezi kufanya kazi hiyo.

Kuanzia sasa, ombi lisilo na picha mbili na majibu ya damu nitalirudisha. Fomu mpya ziko kwa katibu, pale mlangoni.